Kelele za Ngao na Sauti ya Mwanamke: Uhakiki wa Albamu ya Jomsviking

Mhakiki wa fasihi ya Kiswahili anayethubutu kuwaletea wenzake albamu ya muziki wa hevi metali kutoka Uswidi hana budi kwanza kulijibu swali ambalo ni la haki: je, hiyo nayo ni fasihi? Jibu letu ni kwamba swali hili tulikwisha kulijibu zamani, pale tulipokubali kuwa utenzi ni utungo wa kughaniwa kabla haujawa maandishi, na kwamba tarabu, gungu na vugo vina haki ya kuingia katika darasa la fasihi sawa na riwaya. Tukishakubali hayo hatuna hoja ya kumfungia mlango mtunzi mwingine kwa sababu tu magitaa yake yana kishindo. Tunachoweza kumwuliza ni kama ametunga vizuri, na kama utungo wake una jambo.

Utungo tunaoukusudia ni Jomsviking, albamu ya kundi la Amon Amarth la mji wa Tumba, kusini mwa Stockholm, iliyotolewa Machi 2016 na kampuni ya Metal Blade. Ina nyimbo 11. Kundi hili lilianza kutumia jina lake la sasa mnamo 1992 na limetoa albamu nyingi kuhusu miungu na vita vya Waskandinavia wa kale, lakini hii ndiyo ya kwanza ambamo nyimbo zote zimekusudiwa kusimulia kisa kimoja tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa istilahi zetu, hapo awali walitunga mashairi, na safari hii wamejaribu utendi. Tofauti hiyo ndiyo inayotupa ruhusa ya kuwauliza maswali ya msuko, wahusika na nafsineni, maswali ambayo isingekuwa haki kuuuliza mkusanyiko wa nyimbo zisizohusiana.

Kwa msomaji asiyeufahamu muziki wenyewe, maelezo mafupi yatatosha. Metali ya kifo ni tawi la hevi metali lililochipuka katika miaka ya 1980. Nyuzi za gitaa hulegezwa ili sauti iwe nzito, ngoma huenda kwa kasi kubwa, na mwimbaji haimbi kwa maana ya kawaida ya neno hilo, bali hunguruma. Stockholm ilikuwa na wafuasi wake mapema. Left Hand Path ya kundi la Entombed ilitoka mwaka wa 1990. Huko Gothenburg makundi kama At the Gates, Dark Tranquillity na In Flames yaliuchanganya ukali huo, katikati ya miaka ya 1990, na melodia za magitaa mawili yanayokwenda sambamba, mtindo ambao Iron Maiden wa Uingereza walikuwa wameueneza kabla yao. Naye Quorthon wa kundi la Bathory, katika Hammerheart ya mwaka wa 1990, aliacha mada za kishetani akageukia mababu wa Kaskazini. Amon Amarth wamesimama pale mikondo hii inapokutana: uzito wa Stockholm, melodia ya Gothenburg, na mada ya Quorthon.

Jambo moja la kando linafaa kutajwa kwa kuwa litatufaa baadaye. Amon Amarth si jina la Kiviking hata kidogo. Limetoka katika lugha ya kubuni ya J.R.R. Tolkien, profesa wa Oxford, na ni jina la mlima wa maangamizi katika riwaya yake. Katika maonyesho ya albamu hii, mpiga ngoma alikaa juu ya kofia kubwa ya vita yenye pembe mbili. Lakini wanahistoria wamethibitisha kwamba Waviking hawakuvaa kofia za pembe, na kwamba picha hiyo inadaiwa sana mavazi aliyoyabuni Carl Emil Doepler kwa ajili ya opera za Wagner huko Bayreuth mwaka wa 1876. Viking wa albamu hii, basi, ni kiumbe wa vitabu na wa jukwaa. Hatusemi hivyo kwa kejeli. Fumo Liyongo tunayemsoma naye amepita mikononi mwa wasimulizi na wanakili wengi kabla ya kutufikia. Tunachosema ni kwamba mtunzi alikuwa na hiari. Aliteua cha kuchukua na cha kuacha katika masimulizi ya kale, na hatuwezi kumkubalia kisingizio kwamba mambo ndivyo yalivyokuwa zama hizo.

Hadithi na chanzo chake

Kisa chenyewe ni rahisi kukieleza. Kijana asiye na jina anampenda msichana. Msichana anaozwa kwa mwingine. Katika wimbo wa kwanza, “First Kill”, kijana anamwua mtu wa jarl, yaani mtawala wa eneo, aliyekuja kumchukua msichana huyo, naye inambidi atoroke. “Wanderer” inamwonyesha akitangatanga na kinyongo chake. Baadaye anajiunga na Wajomsviking, kikosi cha askari wa kulipwa. Tunapita katika vita vya baharini, mapigano ya kupimana nguvu, karamu ya kuwakumbuka waliokufa na mazishi ya mfalme. Katika wimbo wa tisa anatangaza kwamba jina lake ni Kisasi. Katika wa kumi anamfikia yule mwanamke. Katika wa kumi na moja vita vinarudi.

Kikosi hiki hakikubuniwa na Johan Hegg, mwimbaji na mtunzi wa maneno wa kundi. Kimetoka katika Jómsvíkinga saga, simulizi la kinathari lililoandikwa Aislandi katika karne ya 13 kuhusu matukio ya karne ya 10. Ngome yao, Jomsborg, wataalamu wengi huiweka Wolin, katika Polandi ya leo, karibu na mlango wa mto Oder, ingawa ngome yenyewe kama ilivyoelezwa katika saga haijapata kuonekana. Saga inatupa sheria zao. Hapokelewi mtu aliye chini ya miaka 18 wala aliyezidi 50. Kila mmoja atamlipia kisasi mwenzake kama ndugu. Hakuna atakayetamka neno la woga, hata mambo yawe mabaya vipi. Mateka yote yatagawanywa. Na hakuna mwanamke atakayeingia ngomeni.

Sheria hii ya mwisho ndiyo ufunguo wa usomaji wetu. Kijana wa Hegg, aliyempoteza mwanamke, anakwenda kujiunga na jamii iliyojengwa juu ya msingi wa kutokuwapo kwa wanawake. Kwa upande wa msuko, uteuzi huu ni wa busara kuliko unavyoonekana mara ya kwanza. Kadiri kijana anavyozidi kuwa Jomsviking kamili, ndivyo yule anayempigania anavyozidi kuwa kumbukumbu tu, kitu cha ndani ya kichwa chake. Nyimbo tisa zinapita bila mwanamke huyo kutamka neno. Msikilizaji asiye makini huenda asigundue. Katika tanzu za kishujaa tumezoea kutogundua.

Tuangalie saga inavyolitatua jambo hilo hilo. Katika karamu ya matanga, wakiwa wamelewa, viongozi wa Jomsborg wanaweka nadhiri. Sigvaldi anaapa kumng'oa Jarl Hákon kutoka Norwe. Vagn Ákason, kijana aliyekubaliwa kikosini akiwa na miaka 12 kwa sababu ya ushupavu wake, anaapa kumwua Thorkell Leira na kulala na binti yake, Ingibjörg, bila idhini ya jamaa zake. Kesho yake ulevi unawatoka, lakini kiapo ni kiapo. Wanashindwa vibaya katika vita vya Hjörungavágr, Sigvaldi anakimbia, na waliosalia wanaketishwa juu ya gogo, wamefungwa kamba, wakisubiri kukatwa vichwa mmoja mmoja. Mwishowe Vagn anamwua Thorkell, anapewa msamaha na Eirik mwana wa Hákon, na anamwoa Ingibjörg. Nadhiri imetimia. Hakuna mahali ambapo saga inamwuliza Ingibjörg anaonaje kuolewa na mtu aliyemwua baba yake.

Msomaji wa Kiswahili hawezi kuyasoma haya asikumbuke ahadi ya mfalme kwa mwana wa Liyongo: amwue baba yake, naye ataozwa binti wa mfalme. Binti huyo ni malipo. Haulizwi, na utendi hautuambii alisema nini. Hatutaki kulinganisha zaidi ya hapo, maana tendi zetu na saga za Aislandi zimetoka katika mazingira tofauti kabisa na kila moja ina adabu zake. Tunataja tu kwamba nafasi hii tupu, nafasi ya mwanamke aliyeahidiwa, si ya Kaskazini peke yake.

Kabla hatujaendelea, tuseme kasoro moja kubwa ya albamu kama masimulizi. Haina kicheko. Sehemu bora kuliko zote za Jómsvíkinga saga ni ile ya wafungwa juu ya gogo, na ubora wake uko katika mzaha. Mmoja anaomba apigwe shoka la uso ili wote watazame kama atapepesa. Mwingine anasema kwamba wenzake wamekuwa wakibishana kama mtu hubaki na fahamu baada ya kichwa kutengana na mwili, kwa hiyo atashika pini ya joho mkononi, na kama bado ana fahamu ataielekeza kwao. Kichwa kinakatwa, pini inaanguka, mjadala umekwisha. Kijana mwenye nywele ndefu anaomba nywele zake zishikwe zisichafuliwe na damu, kisha shoka linaposhuka anajivuta ghafla, na yule aliyezishika anakatwa mikono. Huu ni ucheshi mkavu wa watu wanaokijua kifo kwa karibu. Hegg ana “Raise Your Horns”, wimbo wa kunywa na kuimba kwa pamoja ambao bila shaka huwapendeza watu ukumbini, lakini ni wimbo wa furaha, na furaha si ucheshi. Shujaa wake hawezi kujicheka. Na asiyeweza kujicheka hana njia ya kuyapokea yatakayompata katika wimbo wa kumi ila kwa upanga.

Mazishi na kelele

Wimbo wa nane, “One Thousand Burning Arrows”, ni wa mazishi ya mfalme: jahazi linasukumwa baharini, na mishale ya moto inalifuata. Melodia yake ni ya kuvutia. Mwendo umepunguzwa, na magitaa yanabeba simanzi ambayo mngurumo peke yake usingeweza kuibeba. Lakini taswira yenyewe imetoka wapi? Wengi tunaikumbuka kutoka mwisho wa filamu ya The Vikings ya mwaka wa 1958, aliyoigiza Kirk Douglas. Maelezo ya mtu aliyeshuhudia mazishi ya namna hii kwa macho yake ni mengine kabisa, na yameandikwa kwa Kiarabu.

Ahmad ibn Fadlan alitumwa kutoka Baghdad mwaka wa 921 katika ujumbe wa Khalifa al-Muqtadir. Mwaka wa 922, kwenye mto Volga, alikutana na wafanyabiashara aliowaita Warus, ambao wataalamu wengi huwahesabu kuwa watu wenye asili ya Skandinavia. Kiongozi wao mmoja alikuwa amefariki. Jahazi lake lilivutwa nchi kavu. Wajakazi wakaulizwa nani atakufa pamoja na bwana wao, na mmoja akasema: mimi. Siku ya kuchomwa jahazi aliinuliwa mara tatu juu ya kitu mfano wa fremu ya mlango. Mara ya kwanza alisema anawaona baba na mama yake. Mara ya pili aliwaona jamaa zake waliokufa, wameketi. Mara ya tatu alimwona bwana wake katika Pepo ya kijani kibichi, anamwita. Akapewa kinywaji, akaimba, kisha akaingizwa hemani kwa mwanamke mzee waliyemwita Malaika wa Mauti. Hapo, anasema ibn Fadlan, wanaume wakaanza kuzipiga ngao zao kwa fimbo ili ukelele wake usisikike, wajakazi wengine wasije wakaogopa na kukataa kufa pamoja na mabwana wao.

Tunaomba msomaji arudi kidogo kwenye sentensi hiyo ya mwisho. Kelele za ngao hazikuwa pambo la ibada wala namna ya kumtukuza marehemu. Zilikuwa na kazi mahususi, ya kuifunika sauti. Na sababu ya kuifunika ilikuwa kwamba sauti hiyo ingesikika, wengine wangekataa. Hata maneno machache ya binti huyu tuliyonayo yalipita kwa mkalimani kabla ya kumfikia mwandishi mgeni, kwa hiyo hatujui yamepungua kiasi gani njiani. Lakini yapo. Katika wimbo wa Hegg kuna mfalme, jahazi, mishale na waombolezaji wanaume. Binti hayupo. Hakuna anayemtaka mtunzi wa nyimbo awe mtafiti wa akiolojia, nasi hatumlaumu kwa kukosa usahihi wa kihistoria. Tunachouliza ni cha kisanaa: muziki ambao asili yake ni kishindo unafanya nini na mtu ambaye kishindo kilibuniwa ili asisikike?

Sauti

Mngurumo wa metali ya kifo ni kinyago. Huficha umri wa mwimbaji, lafudhi yake, na kwa kiasi kikubwa hata jinsia yake. Wapo waimbaji wanawake wanaonguruma, na msikilizaji asiyewaona hawezi kutambua. Hegg ana sifa ya kunguruma kwa ufasaha, maneno yake husikika zaidi kuliko ya wengi katika fani hii, lakini bado ni kinyago. Katika albamu za awali hili halikuwa tatizo. Thor, Loki, nyoka wa dunia na askari anayekata roho wote walisema kwa sauti moja, nasi tulikubali kama tunavyomkubali mghani mmoja anayesema maneno ya wahusika wote. Tatizo linazuka pale utungo unapodai kuwa na msuko, tena msuko wa mahaba. Je, mapenzi ya kijana huyu tumeyasikia wapi? Anasema anapenda kwa sauti ile ile anayotumia kusema anaua. Mwanafunzi mmoja wa darasa letu la fasihi simulizi, aliposikilizishwa “First Kill”, aliuliza kama msichana anayetajwa ni mchumba au ni eneo lililotekwa. Swali hilo ni uhakiki tosha.

Ndipo linapokuja pigo la wimbo wa kumi, “A Dream That Cannot Be”. Hapa Hegg amemwalika Doro Pesch, mwimbaji Mjerumani aliyejulikana tangu miaka ya 1980 akiwa na kundi la Warlock. Pesch hangurumi. Anaimba kwa sauti ya wazi, kavu kidogo, ya mwanamke mtu mzima, nayo ni sauti ya kwanza katika albamu nzima isiyovaa kinyago. Magitaa hayanyamazi, ngoma haziondoki, bali inambidi aimbe juu yake, na anasikika. Shujaa amemfikia baada ya safari yote ile, amekuja kumchukua. Naye anamkataa. Anamweleza kwamba yeye si wa kuchukuliwa, kwamba maisha yameendelea, na kwamba yule msichana ambaye amekuwa akimpigania hayupo tena. Kile kilichompa Vagn mke katika saga kinampa kijana huyu mlango uliofungwa.

Tunadai kwamba hili ndilo tukio pekee katika albamu lenye uzito wa kitanzia. Vita vyote vingine vina wa kushinda na wa kushindwa, na shujaa amejizatiti kwa yote mawili, maana hata kifo kwake ni heshima. Kukataliwa hakumo katika orodha ya mambo aliyojizatiti kuyapokea. Sheria za Jomsborg hazikumfundisha. Mwanamke anamwambia neno ambalo haliwezi kuuawa, na tunamsikia, kwa mara ya kwanza, akiomba badala ya kutangaza. Aidha mpangilio wa nyimbo unaongeza makali: wimbo uliotangulia ndio huo alimojitambulisha kwa jina la Kisasi. Asiye na jina amejipatia jina, na jina hilo ndilo analolileta mlangoni kwa mpenzi wake. Angefunguliwa vipi?

Wapo watakaosema kwamba tunaipa albamu sifa isiyostahili, kwamba kumwalika mwanamke mmoja kwa wimbo mmoja ni desturi ya kibiashara iliyozoeleka katika muziki huu, na kwamba Pesch aliitwa kwa sababu ya jina lake. Huenda. Lakini desturi hiyo mara nyingi humpa mwanamke nafasi ya uzuri: anaingia kulainisha, kuomboleza au kubariki. Hapa ameingia kukataa, na bila kukataa kwake kisa hakina maana. Mtunzi angeweza kumpa shujaa wake mke kama saga ilivyompa Vagn, na mashabiki hawangelalamika. Hakufanya hivyo. Lazima tumhesabie.

Hoja nyingine ni nzito zaidi, nayo inahusu siasa za mada yenyewe. Alama za Skandinavia ya kale zilitumiwa na Wanazi, na hadi leo makundi ya ubaguzi wa rangi huko Ulaya na Marekani huzitumia. Msomaji Mwafrika ana kila sababu ya kuwa na tahadhari anapoona nyundo ya Thor. Hegg ameukana ubaguzi huo hadharani, na hatukuona katika albamu hii chochote kinachousifu. Hata hivyo, kanusho la mahojiano ni jambo moja na maana inayobebwa na utungo ni jambo lingine. Kinga halisi ya utungo huu iko katika wimbo wa kumi, maana itikadi zile haziwezi kuvumilia shujaa wa Kaskazini anayeambiwa na mwanamke wa Kaskazini kwamba ndoto yake haina mahali.

Kwa sababu hiyo wimbo wa kumi na moja unatusikitisha. “Back on Northern Shores” ndio mrefu kuliko zote, zaidi ya dakika 7, wakati ule wa kumi una dakika 4 na sekunde chache. Kimuziki umejengwa kwa ustadi. Andy Sneap, mtayarishaji, ameziweka ngoma za Tobias Gustafsson mahali ambapo kila pigo linasikika pekee (Gustafsson aliazimwa kwa kazi hii, kwani mpiga ngoma wa miaka mingi, Fredrik Andersson, alikuwa ameondoka mwaka wa 2015). Mabadiliko ya mwendo yana mantiki, na melodia ya magitaa ya Olavi Mikkonen na Johan Söderberg ni miongoni mwa zile nzuri walizopata kuzitunga. Lakini ni vita tena. Upinde wa kisa ulikuwa umefika mahali ambapo shujaa alipaswa kusema jambo, hata kama ni kukiri tu kwamba hana la kusema. Badala yake mtunzi amemrudisha kwenye lugha pekee anayoijua. Mtu anaweza kututetea wimbo huu kwa kusema kwamba hilo ndilo hasa linalokusudiwa, kwamba aliyekataliwa hana pa kwenda ila vitani, na ukali wa muziki ndio kilio chake. Tumeusikiliza wimbo kwa kuitafuta tafsiri hiyo, na hatukuipata katika maneno wala katika sauti. Hakuna hata ubeti mmoja unaobeba kovu la wimbo uliotangulia. Hegg ananguruma pale kama alivyonguruma katika wimbo wa tatu, kabla ya mwanamke kusema lolote.

Tofauti na wale Warus wa mtoni, Amon Amarth wamemruhusu mwanamke aseme kwanza, tena kwa sauti yake mwenyewe na bila mkalimani. Kisha ngao zikaanza kupigwa. Mbele ya darasa letu la mwaka wa tatu tumeweka matini tatu pamoja, yaani ukurasa wa ibn Fadlan, mwisho wa saga ya Jomsborg na wimbo wa kumi wa albamu hii, na tumewaomba wanafunzi watunge jibu la Ingibjörg kwa mizani ya utenzi. Hadi tunapoandika, beti zilizopokelewa ni za kukataa, isipokuwa za mwanafunzi mmoja ambaye Ingibjörg wake anakubali kuolewa, kisha anauliza shoka lililomwua baba yake limewekwa wapi.